Jino la Baba Mkwe

Asubuhi ile ukoo wa Mwasyeba uliamka na furaha, na furaha yenyewe ndiyo iliyomtia Subilaga wasiwasi.

Aliyeanza ni shangazi wa Mbeya. Sauti yake ilitoka kwenye redio ya ukoo iliyotundikwa jikoni, juu ya kopo la chumvi, ili watu waweze kusalimiana hata mtu akiwa na unga mikononi.

"Subilaga! Mko wazima huko? Mwenzenu leo nimekula muwa! Muwa, nakwambia, kwa upande uleule wa gego! Nimetafuna mpaka nikasahau kwamba nina jino la kaka yangu mdomoni."

"Shikamoo, shangazi. Tunamshukuru Mungu."

"Marahaba. Mshukuru Mungu, na uwashukuru na vijana wa Kyela. Jana wamejiunga wote na mgao. Sasa tuko wengi kama siafu. Jino gani hilo la kutushinda?"

Kyela ikajibu kwa vicheko. Mama mkwe, aliyekuwa anamenya ndizi karibu na mlango, akapiga kigelegele kifupi, kile cha kutosheleza adabu bila kuacha kazi. Subilaga naye akatabasamu, akajishika shavu. Chini kulia, nyuma kabisa, palikuwa panapwita. Palipwita vilevile kama siku ya kwanza.

Mgeni akifika Tukuyu zama hizi huwaona watu wazima na akili zao wakitembea sokoni wameshika mashavu, au wakichechemea ilhali miguu yao mizima, na akiuliza huambiwa tu, "Mwenzetu anaumwa." Ni pini. Punje ya chuma nyuma ya sikio, inasikiliza mishipa ya fahamu ya mgonjwa, inayadaka maumivu kabla hayajafika kichwani, na kuyatawanya kwa wote waliokubali kubeba. Walioitengeneza waliwafikiria wanawake wanaojifungua. Watu wa milima ya Rungwe walipoipata wakasema kumbe kitu hiki kiliumbwa kwa ajili ya ukoo. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawa wakaona aibu na msemo huo, wakauzika. Kwao mzigo wa mwenzio uliuma kwelikweli, ila ulikatwa vipande, na kumwacha mzee aumwe peke yake likawa jambo ambalo hata mlevi hathubutu.

Mgao wa kila mgonjwa una fundo, na fundo lina mshikaji mmoja. Huyo ndiye awezaye kulifungua na kumrudishia mwenyewe mzigo wake mzima. Wazee walikaa wakajadili nani apewe. Ukimpa mwana, atalifungua siku wakigombania shamba. Ukimpa mke, huruma itamzidi. Basi wakaamua kwamba fundo la mzee litashikwa na mkamwana mkubwa, kwa kuwa mkamwana wa kwao hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, wala hapiti naye njia moja. Asiyeuona uso, walisema, hadanganywi na uso. Wakarudi majumbani wakijiona wana akili nyingi sana.

Ndivyo Subilaga alivyokuwa mshika fundo wa jino la mtu ambaye angemkuta barabarani na wazee wenzake asingemtambua. Tangu Gwakisa amuoe, alimjua baba mkwe kwa kikohozi. Mzee alikohoa kabla ya kutoka chumbani, yeye akajifunika kitenge na kuzunguka nyuma ya jiko mpaka hatua zipotee. Uji aliuweka nje ya mlango, akagonga, akaondoka. Bakuli lilirudi tupu, limerambwa. Hivyo ndivyo walivyopendana, na usicheke, kuna nyumba watu wanatazamana kutwa na hawapendani hivyo.

Leo kikohozi hakikusikika. Bakuli lilirudi na uji wote, umeshika utando juu. Na kwenye nguo za kufua kulikuwa na foronya ya baba mkwe, imelowa chapachapa upande mmoja.

"Mama, baba hajala?"

"Amelala," mama mkwe alisema, kisu hakikusimama. "Mwenye kupona hulala."

"Na jana?"

"Jana alisema koo limemkauka. Umeanza lini kuhesabu matonge ya baba yako?"

Subilaga akaingiza mkono kwenye unga. Lakini kichwa kiliendelea kuhesabu. Jino hili lilianza kubebwa na watu wa nyumbani tu. Likawazidi, wakaitwa wajomba. Likawazidi tena, ikaitwa Mbeya. Na jana Kyela nzima. Shangazi na wenzake walikuwa wakibeba vijipande. Fungu la mshika fundo ndilo kubwa, lakini nalo lilipaswa kupungua kila mtu mpya alipoingia, na halikuwa limepungua hata chembe. Ukiwagawia ugali watu wanaoongezeka kila siku, na tonge lako likabaki palepale, si kwamba mmebarikiwa. Ni kwamba sufuria linakua.

Subilaga akanawa mikono, akachukua simu, akatoka nyuma ya jiko mvuani.

*

Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limekwenda na mvua za masika. Kilichobaki ni ndege ya wagonjwa, kile kidude chenye mapanga manne kinachotua hata uwanjani kwa kuku. Lakini ndege haikurushwa na mtu. Ilirushwa na Mpimaji, mashine ya kupanga zamu za wagonjwa.

"Mgonjwa wa nyumba ya Mwasyeba," Mpimaji alijibu kabla simu haijamaliza kuita, kwa sauti ya upole kama ya mhubiri. "Kiwango cha maumivu: kijani. Endelea kusubiri zamu."

"Naomba mtu."

"Kiwango cha maumivu: kijani. Endelea..."

"Nimesema naomba mtu!"

Zamani watu walikuwa wanadanganya. Mwenye kikucha kilichoota vibaya alipiga mayowe akapita mbele, mwenye utumbo uliojikunja akakaa kimya kwa heshima akafia benchini. Ndipo wakubwa wakaamua kwamba Mpimaji asisikilize maneno ya mtu yeyote, asikilize mshipa wa mgonjwa tu. Waliandika na juu ya mlango: Mdomo hudanganya, mshipa haudanganyi. Kwa miji ya watu wanaoumwa kila mtu peke yake, ilifanya kazi vizuri.

Akaja mtu hatimaye. Daktari Tulinagwe, wa meno, mwenye sauti ya mtu aliyetolewa kwenye chai yake.

"Maumivu yakoje?"

"Yanapwita, daktari. Kama kawaida."

"Siulizi yako, nauliza mgonjwa. Amevimba?"

"Sijui."

"Uvimbe uko shavuni tu, au umeshuka chini ya taya? Umefika shingoni?"

"Sijui, daktari."

"Mdomo anafungua? Vidole viwili vinaingia kati ya meno? Mate yake anayameza? Ana homa? Akilala chali anapumua?"

Subilaga alisimama pale, maji ya mvua yanamwingia shingoni, akaona aibu iliyomchoma. Kila siku alitembea na gego la mzee huyu mdomoni mwake. Alijua linavyochukia baridi, linavyochukia pombe ya ugimbi, linavyotulia kidogo alfajiri. Na hakuweza kujibu swali hata moja.

"Hajala," alisema. "Na foronya yake imelowa."

Daktari akauliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mkamwana. Mshika fundo."

"Mungu wangu." Sasa sauti haikuwa tena ya chai. Tulinagwe alikuwa mtoto wa kulekule, hakuhitaji kuelezwa. "Dada, nisikilize vizuri. Jino linalouma tu laweza kungoja zamu. Jino lililovimbisha shingo halingoji. Usaha wa gego la chini ukipata njia unashuka chini ya ulimi, ulimi unainuka, koo linaziba. Mtu huyo hafi kwa maumivu, anakufa kwa kukosa hewa. Na hayo ya uvimbe, ya kushindwa kumeza, ya pumzi, hakuna hata moja linalopita kwenye pini. Mgao unabeba maumivu, haubebi ugonjwa. Nenda kamtazame."

"Simtazami. Ni baba mkwe."

"Basi atafutwe anayemtazama, sasa hivi."

Alipogeuka, anayemtazama alikuwa amesimama mlangoni, kisu cha ndizi bado mkononi.

"Unamsema baba yako kwa watu wa nje?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, shikamoo zote nitakupa baadaye. Shingo yake ikoje?"

"Amevimba kidogo. Nani hajawahi kuvimba? Nimemkanda kwa maji ya chumvi, nimemwekea karafuu. Nimemuuliza kama anaumwa, amesema haumwi."

"Amesema kwa mdomo?"

Mama mkwe akatazama kisu chake. "Kwa mkono," alisema.

"Kwa nini kwa mkono, mama?"

"Kwa sababu... Subilaga, kama lingekuwa baya, si lingemuuma? Hata mimi ningelisikia! Sote tungelisikia!" Hakuwa mkali. Alikuwa ameona, na alikuwa amejikataza kuona, kwa sababu jino halikuuma.

Subilaga akavua kandambili, akampita.

*

Alitangulia kukohoa yeye. Mkono wake ulipogusa mlango wa baba mkwe ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe. Akasukuma.

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, viganja magotini, kama mtu anayengoja kutapika. Jambo la kwanza Subilaga aliloliona, Mungu amsamehe, ni kwamba Gwakisa alikuwa amechukua masikio yake. La pili ni kwamba mzee hakuwa na shingo. Kuanzia kidevuni hadi kifuani palikuwa pamejaa, ngozi nyekundu imevutika inang'aa. Mdomo ulikuwa wazi kidogo tu, na ndani ulimi umesukumwa juu, hauna pa kukaa. Mate yalikuwa yakitiririka kwenye kitambaa alichokishika. Kila pumzi ilipita kwa mlio mwembamba.

Mzee akamwona. Akavuta blanketi afunike uso, kwa haraka ya aibu, na Subilaga naye akainamisha macho kwa mazoea. Kisha akayainua tena. Ilimuuma kuyainua kuliko lile gego.

"Baba, nisamehe. Unaumwa?"

Mzee akapunga mkono. Hapana. Na alikuwa anasema kweli. Hapo ndipo Subilaga aliposhikwa na hofu hasa.

"Daktari," alisema kwenye simu, "uvimbe umejaa shingo yote. Ulimi umepanda. Hamezi. Anawaka moto. Anapumua kama filimbi."

"Nimembonyezea Mpimaji dharura, amekataa. Nimerudia, amekataa. Anasema mshipa wa mgonjwa uko kijani, na bila rangi nyekundu ndege haifunguki." Tulinagwe alikuwa anahema. "Fungua fundo, dada."

Mama mkwe, nyuma yake, akashika kizingiti.

"Anatumia vidonge vya moyo," alisema Subilaga.

"Najua."

"Maumivu yote, kwa mara moja, moyo wake utayaweza?"

"Sitakudanganya. Unaweza ukashindwa. Lakini koo lina saa chache, kama si pungufu. Moyo sijui. Koo najua."

Mzee alikuwa anasikia kila neno. Akaunyoosha mkono, akamshika Subilaga kifundo cha mkono, mkono wa baba mkwe kwa mkamwana, jambo lisilokuwa na jina. Vidole vilikuwa vya moto. Akatikisa kichwa. Akatikisa tena, polepole, ili asikosee kuelewa. Hapana. Usinirudishie.

Tuseme kweli, Subilaga aliogopa. Aliogopa talaka, aliogopa kukutana na ukoo, aliogopa wazee ambao wangemuita mtu aliyemwacha baba aumwe. Lakini hizo zilikuwa hofu za kawaida na angezimeza. Iliyomkaba ni hii nyingine. Mzee akifa kwa koo, jino ndilo litakuwa limemuua, na watu watalia pamoja, na Subilaga atalia nao, hana kosa. Akifa kwa moyo, muuaji ni yeye. Na mwenyewe, mwenye mwili, mwenye jino, amekaa mbele yake anakataa kwa akili zake zote. Ana haki gani? Nani alimpa?

Kisha mzee akajaribu kumeza. Ikashindikana. Macho yakamtoka, akatapatapa na mkono hewani akitafuta pumzi, akaipata kwa shida, nyembamba kuliko ile ya mwanzo. Na usoni kwake hapakuwa na dalili yoyote ya maumivu, palikuwa na mshangao tu, mshangao wa mtu anayezibwa pumzi na kitu asichokisikia.

Subilaga akabonyeza nyuma ya sikio.

"Taja jina la mwenye maumivu," ilisema pini.

"Usithubutu!" mama mkwe alipiga kelele. "Subilaga! Mwanangu, usithubutu!"

"Ambilikile Mwasyeba," alisema Subilaga, na jina ambalo hajawahi kulitamka likamtoka zima, bila kukwama.

Taya lake likanyamaza. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi mdomo wake ulikuwa mdomo wake, mtamu, mtupu, na kabla hajajizuia alihisi raha. Raha! Atakumbuka raha hiyo na kuichukia.

Mzee hakuwa na nafasi ya kupiga ukelele. Alipindika. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya chini, ya mnyama, ikipita penye tundu la sindano. Miguu ikapiga sakafu, mikono ikalishika taya ikaliachia, haikujua pa kushika. Kule jikoni redio ililipuka, Mbeya na Kyela na wajomba wote kwa mpigo, wamehisi mzigo umewatoka wote kwa pamoja. "Nani amefungua? Nani amefungua? Kaka amekufa?"

"Nyekundu!" Tulinagwe alisema simuni. "Nyekundu kabisa! Ndege imeruka, na mimi nimo ndani. Mwache aketi hivyohivyo, asilazwe. Moyo?"

Subilaga aliweka kiganja mgongoni kwa baba mkwe. "Unapiga. Unakimbia, lakini unapiga."

Alisema hivyo na papo hapo mgongo ukalegea. Miguu ikatulia. Mzee akainua kichwa, akashusha pumzi nyembamba, uso umekunjuka kama wa aliyefikishwa kivulini.

"Dada!" sauti ya daktari ikapanda. "Mpimaji amerudi kijani! Ndege inageuka! Nani amebeba?"

Hakuhitaji kuuliza. Mama mkwe alikuwa magotini penye kizingiti, ameshika shavu kwa mikono miwili, paji la uso sakafuni, akilitaja na kulitaja jina la mumewe. Alikuwa amefunga fundo jipya kwa pini yake mwenyewe, ameyachukua yote, peke yake.

"Mama! Mama, mwachie!"

"Siwezi," alisema kupitia meno. "Sijawahi... kumwacha. Siku zote... sijawahi..."

"Ndege imegeuka, mama!"

"Nitabeba mimi. Niache nibebe."

Kumnyang'anya pini kwa nguvu kulimpitia Subilaga akilini, na mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka. Aliurudisha. Akapiga magoti, akamshika mama mkwe mabega, akamwinua kichwa akamwelekeza kitandani.

"Mtazame. Sahau jino, mama. Mtazame shingo. Wewe unaruhusiwa kumtazama, mimi nimeiba. Niambie unaona nini."

Mama mkwe, machozi yanamchuruzika, alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyojiruhusu siku zote hizo.

"Ulimi wake," alinong'ona.

"Ndiyo."

"Hapumui."

"Hapumui, mama. Haumwi, na hapumui. Ukimbebea sasa hivi tunamzika kesho hana alama ya kuumwa."

Mama mkwe alilia, kilio kikubwa cha msibani, kabla ya msiba. Kisha akabonyeza nyuma ya sikio, akalitaja jina la mumewe mara moja ya mwisho, akamwachia. Mzee akapindika upya. Na mkewe akajikokota hadi kitandani, akamshika mkono, mkono tu, wa nje, wa ngozi, akakaa naye hivyo akimsikiliza anavyoumwa, na kwa mtu wa kizazi chake hakuna kazi ngumu aliyowahi kufanya kuliko hiyo.

Redio iliendelea kuita jikoni. Moja ya sauti ilikuwa ya Gwakisa, kutoka kwenye visima vya mvuke anakofanya kazi. "Subilaga? Mke wangu, umefanya nini?" Hakuna aliyekwenda kumjibu. Walikuwa wanasikiliza mapanga ya ndege juu ya migomba.

*

Walimtoboa koo hukohuko angani, wakampitishia bomba la hewa. Hospitalini Mbeya wakamkata chini ya kidevu, usaha ukatoka wa kujaza kikombe, na gego likang'olewa, limetoboka upande mmoja tundu dogo ambalo lingezibwa asubuhi moja hapo mwanzo, kama lingeruhusiwa kumuuma mwenyewe. Moyo ulisita mara mbili. Haukukataa.

Bomba lilipotolewa, na daktari akasema sasa anaweza kusema kidogo, ukoo ulikusanyika wodini. Shangazi alikuja, wajomba walikuja. Gwakisa alisimama miguuni pa kitanda, mikono mifukoni. Tangu arudi kutoka visimani alikuwa akimwambia mkewe "umeamkaje" na "usiku mwema" na basi. Subilaga alisimama nyuma ya pazia la kijani, mahali pa mkamwana.

Daktari Tulinagwe, kumbe mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuwa amewaeleza yote. Kwamba maumivu si adui, ni mjumbe. Kwamba wamekuwa wakimkamata mjumbe barabarani na kugawana barua zake. Waliitikia kwa vichwa kwa heshima. Lakini walikuwa wamesikia pia, kila mmoja ndani ya taya lake, dakika ile mzee alipoachwa, na mambo hayo mawili yalikuwa hayajapatana.

"Nani alifungua?" mzee aliuliza.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, mbovu. Alikuwa amemwona Subilaga kwa macho yake, amemshika mkono. Lakini aliuliza mbele ya watu wote.

"Mimi," mama mkwe alisema haraka. "Ni mimi, mume wangu. Nililichukua fundo kwa mkamwana, nikalifungua. Kama kuna la kusema, niambie mimi."

Shangazi akavuta pumzi. Gwakisa akainua kichwa. Nyuma ya pazia, Subilaga aliona mlango umefunguliwa. Angeweza kunyamaza tu. Nyumba yake ingebaki, mume wake angerudi kumtazama, na mama mkwe, mke wa miaka yote, angesamehewa kabla ya jua kuzama. Na alijua kwamba mama mkwe ameutoa uongo huo kwa mapenzi. Ukoo huu haukujua kupenda kwa njia nyingine.

"Hapana, mama," alisema. "Hili usinibebee. Ni mimi, baba."

Walisikia pumzi ya mzee ikiingia na kutoka, nene, nzima.

"Iliuma, mwanangu," alisema mwishoni.

"Najua, baba."

"Hujui," alisema mzee, bila hasira. "Kila siku ulikuwa unajua. Siku hiyo hukujua. Ulikuwa umeniachia."

Subilaga alibaki amesimama palepale nyuma ya pazia, akilia kwa sauti, na jamaa zake kwa mazoea walinyoosha mikono nyuma ya masikio yao, mmoja baada ya mwingine, wakangoja awaruhusu kumbebea. Hakuwaruhusu.